Kuendesha Mkahawa wa Mtaani Unaojikaangia Kahawa: Hatua kwa Hatua

Neno mkahawa limetokana na kahawa, lakini katika mikahawa mingi ya Nairobi ukiagiza kahawa utaletewa kikombe cha maji moto na kijipakiti cha unga ujikorogee mwenyewe. Hata hapa Kahawa West, mtaa ambao jina lake linakumbusha mashamba ya mibuni yaliyokuwa upande huu wa jiji, wateja wangu wa kwanza walipoingia waliagiza chai, na baadhi yao wanaiagiza hadi leo. Mwongozo huu unamhusu anayetaka kufungua mkahawa mdogo wa viti kumi hadi ishirini, unaokaanga kahawa yake na kuwauzia majirani. Nimezipanga hatua kwa utaratibu ambao ningeufuata iwapo ningeanza upya, na haulingani na ule niliofuata.

Hatua ya 1: Uza vikombe kabla ya kununua mashine

Mimi nilinunua mashine kwanza, kisha nikakaa nayo miezi kadhaa nikikaanga kahawa ambayo haikuwa na mnywaji. Anza kwa kununua kahawa iliyokwisha kukaangwa kutoka kwa mkaangaji mwingine, uiuze, na uandike kila siku ni vikombe vingapi vimetoka na vya aina gani. Ukifikia vikombe hamsini hivi kwa siku, utakuwa unatumia takriban kilo tano za kahawa kwa wiki, na hapo ndipo mashine ndogo ya kilo tatu inapoanza kuwa na kazi ya kufanya.

Wakati huohuo jifunze kwa kikaango. Tafuta kikaango kizito cha chuma, weka gramu 200 za buni, yaani kahawa mbichi, juu ya moto wa wastani, ukoroge kwa mwiko bila kupumzika. Kahawa hiyo haitakuwa nzuri sana, kwa kuwa baadhi ya punje zitaungua na nyingine zitabaki nusu mbichi, lakini utajifunza rangi, harufu na milio kwa gharama ndogo.

Hatua ya 2: Karatasi

Utahitaji leseni ya biashara ya kaunti, kibali cha usalama wa chakula, vyeti vya afya vya kila anayegusa chakula, na kibali cha zimamoto. Ukipanga kuuza kahawa kwenye pakiti, shughulikia pia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kuhusu kukaanga kwenyewe, uliza kwenye kurugenzi ya kahawa iliyo chini ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, kabla hujalipa kodi ya nyumba. Nchini Kenya kahawa hainunuliwi kama mahindi. Ni zao linalosimamiwa na sheria, na gunia linalosafirishwa bila kibali laweza kukuletea kesi, hata kama ulilinunua kwa nia njema shambani kwa mjomba wako.

Hatua ya 3: Kununua buni

Buni ninayoizungumzia hapa ni kahawa mbichi iliyokwisha kukobolewa. Usiichanganye na kile ambacho wafanyabiashara wetu hukiita mbuni, yaani kahawa iliyokaushwa pamoja na tunda lake bila kuoshwa, ambayo huuzwa kwa bei ya chini.

Sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya hupitia kwenye mnada wa Nairobi, lakini mafungu ya huko ni makubwa mno kwa mtu anayetaka gunia moja la kilo 60. Mkaangaji mdogo hununua kwa mnunuzi aliye na leseni, kwa kinu cha kukobolea, au kwa mkaangaji mkubwa anayekubali kumgawia. Chochote utakachochagua, dai stakabadhi na uzihifadhi.

Wauzaji watakutajia AA kana kwamba ni cheti cha utamu, ilhali AA ni ukubwa wa punje tu, unaopimwa kwa chekecheke. AB ni punje ndogo kidogo, na PB ni ile ya mviringo inayopatikana tunda linapozaa punje moja badala ya mbili. Kwa mkahawa wa mtaani ninapendelea AB, kwa sababu huenda imetoka kwenye mti uleule uliozaa AA na bado ikawa na bei nafuu. Jambo la maana zaidi ni kuuliza aina ya mibuni na kiwanda ilikooshwa. SL28 na SL34, zilizoteuliwa na maabara ya Scott hapa Kabete katika miaka ya 1930, hutoa ule uchachu mkali ambao wanunuzi wa ng'ambo huulipia sana. Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, na Batian, iliyofuata mwaka 2010, zilizalishwa ili kustahimili magonjwa, na zikikaangwa kwa uangalifu sijaona mteja wangu akizilalamikia.

Omba sampuli kabla ya kununua gunia. Mwaga kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe na uondoe punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika. Kisha nusa: buni njema hunuka kama nyasi kavu, na ikinuka gunia lenye unyevu, irudishe. Unyevu wa punje unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 12. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali zaidi na vitunguu na viungo, kwa maana buni hunyonya harufu.

Hatua ya 4: Kukaanga

Usilijaze pipa la mashine, yaani lile linalozungusha punje juu ya moto. Mashine ya kilo tatu hukaanga vizuri kilo 2.4 hivi. Nitaeleza safari ya mkupuo mmoja, yaani buni inayokaangwa kwa mara moja, kwenye mashine yangu ya gesi, ingawa kipimajoto chako kinaweza kutofautiana na changu kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo zitumie namba hizi kama alama za njiani.

Pasha pipa hadi nyuzi 200, umimine buni, na uanze kuhesabu dakika. Kipimajoto kitashuka ghafla hadi karibu na 90, kwa sababu punje baridi zinameza joto, kisha kitageuka na kuanza kupanda. Kufikia dakika ya tano punje huwa za manjano, na harufu ya nyasi inageuka kuwa ya mkate unaotoka kwenye tanuri. Kuanzia hapo rangi inaingia hudhurungi na makapi, yaani ile ngozi nyembamba ya punje, yanaanza kupeperuka.

Karibu na nyuzi 196, kwenye dakika ya tisa au ya kumi, utasikia mlio wa kwanza: punje zinapasuka kama bisi, mvuke uliojifungia ndani ukitafuta njia. Punguza moto kidogo kabla ya mlio huo, kwa sababu punje zitaanza kutoa joto zenyewe na zinaweza kukimbia. Ukizitoa mara tu mlio unapoanza kuisha, utapata kahawa nyepesi yenye uchachu. Ukingoja hadi mlio wa pili, karibu na nyuzi 224, ambao ni mwembamba na wa haraka kama njiti za kiberiti zikivunjwa, mafuta yatajitokeza juu ya punje na uchungu utatawala.

Mwanzoni nilizitoa mapema, kama nilivyofundishwa. Mzee mmoja jirani alionja, akarudisha kikombe mezani taratibu na kuniambia, "Kijana, kahawa yako imechacha." Haikuwa imechacha, ulikuwa uchachu uleule wa SL28 unaosifiwa kote, unaokaribiana na ukwaju au pasheni. Lakini yeye ndiye aliyekuwa analipa, na alikuwa anaongeza maziwa na vijiko viwili vya sukari. Tangu siku hiyo kahawa ya maziwa naitoa kwenye nyuzi 212, takriban dakika mbili na nusu baada ya mlio wa kwanza, na nyepesi naikaangia wachache wanaoiagiza.

Ukishaitoa, ipoze kwa feni ndani ya dakika nne, kwani ikikaa na joto lake itaendelea kujikaanga. Pima uzito. Kilo 2.4 zikitoka kilo 2.05, umepoteza kama asilimia 15, nayo ni kawaida kwa mkaango wa wastani; ikiwa leo umepoteza 15 na kesho 18, basi umekaanga kahawa mbili tofauti, hata kama macho yako hayajaona. Andika kila kitu kwenye daftari: uzito, dakika, nyuzi za mlio, nyuzi za kutoa, na hali ya hewa. Asubuhi za Julai mashine yangu huhitaji gesi zaidi.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. La kwanza ni makapi: mwaga chombo chake kila baada ya mikupuo miwili na usafishe bomba la moshi mara kwa mara, kwa maana makapi makavu hushika moto kwa cheche moja. La pili ni stima. Ilipotea siku moja nikiwa dakika ya nane; pipa likasimama, na punje zilizogusa chuma zikaanza kutoa moshi mweusi kabla sijapata tochi. Nilifunga gesi, nikafungua mlango wa pipa na kuzikwangua kwa upawa hadi kwenye sinia la bati, na mkupuo mzima ukaenda kwenye mbolea. Sasa mota na feni vinategemea betri ya akiba, na ndoo ya mchanga iko karibu na mlango.

Hatua ya 5: Kupumzisha na kupika

Kahawa iliyokaangwa leo hutoa hewa ya kaboni na ladha yake haijatulia. Ipe siku tatu hadi tano kwa kahawa ya kuchuja, na wiki moja kwa espreso. Onja kila mkupuo kabla haujafika kwa mteja.

Vitabu vya ng'ambo huagiza uchemshe maji kisha ungoje yapoe kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 tu. Usingoje, mimina yakiwa yanatokota. Anzia gramu 60 kwa lita moja ya maji, kisha urekebishe kwa usagaji.

Hatua ya 6: Hesabu

Tuseme kilo ya buni imekugharimu shilingi 900. Baada ya kupoteza asilimia 15, kilo iliyokaangwa imekugharimu karibu shilingi 1,059 kabla ya gesi, na kikombe cha gramu 15 kina kahawa ya shilingi 16 hivi. Gunia la kilo 60 linatoa vikombe 3,400 iwapo hutamwaga hata kimoja. Kodi, mishahara na maziwa ndivyo vinavyokula faida, kwa hiyo usijaribu kujiokoa kwa kununua buni duni. Utaokoa shilingi tatu kwa kikombe na kupoteza mnywaji. Pakiti za robo kilo ndizo zinazolipa kodi yangu, kwa sababu hazihitaji kiti wala maziwa.

Hatua ya 7: Majirani

Weka benchi nje, na ukubali kwamba chama cha akina mama kitakaa saa tatu kwa chai mbili. Wanachama haohao ndio wanaonunua pakiti za Krismasi. Kukopesha ni suala gumu zaidi. Mimi nina daftari la madeni lenye kikomo cha shilingi 300 kwa mtu, na likifika hapo naelekeza macho kwenye namba ya M-Pesa iliyobandikwa ukutani.

Moshi ndio utakaokugombanisha na mtaa. Inua bomba lipite paa la jengo jirani, na uzungumze na mtunzaji wa kila ploti kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Ninakaanga Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi siwashi kabisa, kwa sababu siku hiyo kamba zote za roshani zimejaa nguo, na shuka nyeupe iliyopata harufu ya mlio wa pili haitoki harufu hiyo kwa sabuni ya kawaida.