Aina ya Data Inapoharibu Picha za Ubongo: Namna ya Kutafuta Tatizo na Kulirekebisha

Picha ya ubongo iliyopoteza thamani zake wakati wa kubadilishwa aina ya data mara nyingi haitoi onyo lolote. Inafunguka vizuri na umbo la ubongo linaonekana, ila kosa hujitokeza baadaye kwenye takwimu. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chochote, soma kichwa cha faili, yaani sehemu ya mwanzo yenye maelezo ya picha. Faili ya NIfTI-1, muundo wa kuhifadhi picha za ubongo, ina kichwa cha baiti 348, na humo sehemu inayoitwa datatype hueleza jinsi kila vokseli (nukta ya picha ya pande tatu) ilivyohifadhiwa: 2 ni namba kamili za biti 8 zisizo na hasi, 4 ni namba kamili za biti 16 zinazokubali hasi, 512 ni za biti 16 zisizokubali hasi, na 16 ni desimali za biti 32. Pamoja nayo angalia scl_slope na scl_inter, kwa sababu thamani halisi hupatikana kwa kuzidisha namba iliyohifadhiwa kwa scl_slope na kujumlisha scl_inter, isipokuwa scl_slope ikiwa 0, ambapo namba husomwa ilivyo. Amri ya fslhd katika FSL, mkusanyiko wa programu za kuchambua picha za ubongo, huonyesha zote tatu. Katika nibabel, maktaba ya Python ya kusoma picha hizi, tafuta scl_slope na scl_inter kwenye img.dataobj.slope na img.dataobj.inter, kwa kuwa kichwa kilichokwisha kupakiwa huonyesha nan (yaani si namba) mahali pake.

Hatua inayofuata ni kulinganisha thamani ndogo na kubwa kabisa na mipaka ya aina hiyo. Thamani ya 40000 ikisomwa kama biti 16 zinazokubali hasi hugeuka -25536. Kinyume chake, hewa katika picha ya CT, ambayo ni takriban -1000, ikisomwa kama isiyokubali hasi hugeuka 64536. Ramani ya uwezekano, ambayo thamani zake ni desimali kati ya 0 na 1, iliyojaa sifuri karibu kote pengine imekatwa desimali zake.

Ramani za lebo ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, maana humo namba ni jina la sehemu ya ubongo. FreeSurfer, programu inayogawa picha ya ubongo katika sehemu zake, huipa insula ya kushoto namba 1035. Mtu akitaka kupunguza ukubwa wa faili na kutumia astype(np.uint8), yaani kuzigeuza kwa NumPy (np) kuwa namba kamili za biti 8, namba hiyo huzunguka na kuanza tena 0 kila ifikapo 256, na 1035 hubaki 11, ambayo ni lebo ya kiini cha kaudeti cha kushoto. Vivyo hivyo 1028, gamba la juu la mbele upande wa kushoto, hugeuka 4, yaani ventrikali ya pembeni ya kushoto. Mchambuzi atapata ujazo wa kaudeti uliochanganyika na insula, na hakuna programu itakayomwambia. Faili ya namna hii haitengenezeki kwa hesabu yoyote, kwa sababu 11 ya kweli na 11 ya bandia hazitofautiani tena; rudi kwenye faili ya asili.

Ili kuhifadhi lebo kwa usalama, zisome kwa np.asanyarray(img.dataobj), wala si kwa get_fdata, ambayo hurudisha desimali za biti 64. Kisha zigeuze kuwa np.int16, ambayo hufika 32767, na uunde picha mpya kwa nib.Nifti1Image. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: ukiambatisha kichwa cha zamani, aina iliyoandikwa humo ndiyo itakayotumika wakati wa kuhifadhi, hata kama safu yako ya namba ni ya aina nyingine, na nibabel inaweza kubuni kipimo kipya (scl_slope na scl_inter) ili kuzibana thamani zako ndani yake. Ukihitaji kichwa hicho, ita set_data_dtype(np.int16) kwenye picha mpya kabla ya kuihifadhi. Kwa ramani za takwimu na za uwezekano, tumia np.float32; biti 64 huongeza uzito tu, kwani kwa biti hizo picha ya vokseli 256 kila upande hufikia takriban megabaiti 134 kabla ya kubanwa.

Mwisho, toa faili ya asili kutoka kwenye mpya kwa fslmaths mpya -sub asili -abs tofauti, kisha endesha fslstats tofauti -R, ambayo hutoa thamani ndogo na kubwa kabisa. Kwa lebo, majibu yote mawili lazima yawe 0. Kwa picha ya kawaida iliyohifadhiwa kama namba kamili zenye kipimo, tofauti kubwa kabisa isizidi scl_slope ya faili mpya.