Kompyuta ina Windows na Linux ila menyu ya kuchagua inakugomea? Anzia hapa kabla hujafomati

Kama umeunga kompyuta yako mwenyewe kipande kwa kipande, ukaweka Windows na Linux humo humo, alafu siku moja unawasha inapitiliza moja kwa moja Windows, au menyu inatokea lakini mishale ya kibodi haisogezi kitu, tafadhali sana usikimbilie kupiga Windows upya. Mara nyingi data zipo na mifumo yote miwili ipo, kinachosumbua ni setingi tu.

Kitu cha kwanza ujue ni menyu ipi inayokugomea, maana ziko tatu na watu wanazichanganya kila siku. Kuna ya madabodi yenyewe, ile unaiita kwa kubonyeza kitufe pale tu unapowasha, ASUS nyingi za desktopu ni F8, MSI na ASRock ni F11, Gigabyte ni F12. Kuna GRUB ya Linux, ile ya maandishi inayohesabu sekunde. Alafu kuna ya Windows, ile ya bluu, na hiyo kwenye UEFI (mfumo mpya wa madabodi wa kuwasha kompyuta, uliorithi BIOS ya zamani) usiitegemee ikupeleke Linux maana inajua Windows zake tu.

Sasa zima kabisa, washa, bonyeza bonyeza hicho kitufe cha madabodi. Ukiona Windows Boot Manager na jina la Linux yako vyote viko kwenye orodha, na kila kimoja ukikichagua kinawaka, basi hakuna kilichoharibika, shida ni mpangilio wa nani aanze na hapo umeshamaliza nusu ya kazi.

Ila kama menyu unaiona na kibodi haiitikii, achana kwanza na mambo ya programu, hapo angalia kibodi. Kibodi ya Bluetooth kwa kawaida haifanyi kazi hatua hiyo kwa sababu draiva yake iko ndani ya mfumo ambao bado haujawaka. Chukua ya waya, chomeka nyuma kwenye madabodi yenyewe, sio mbele ya kesi na sio kwenye habu, na kama kuna tundu la USB 2.0 tumia hilo. Baadhi ya kibodi za gemu zina swichi ya kuziweka kwenye hali ya BIOS, iwashe. Alafu ingia BIOS (skrini ya setingi za madabodi, hata ya UEFI watu wanaiita hivyo hivyo) uzime Fast Boot, maana hiyo inaruka kuamsha vifaa vya USB ili kompyuta iwahi kuwaka, na uhakikishe Legacy USB Support imewashwa. Utauliza naingiaje BIOS na kibodi haishiki? Kama umeshafika ndani ya Windows, shika Shift huku unabonyeza Restart, nenda Troubleshoot, Advanced options, alafu UEFI Firmware Settings. Ukiwa Linux ni amri moja tu:

systemctl reboot --firmware-setup

Usichanganye Fast Boot ya BIOS na Fast Startup ya Windows, hiyo ya pili inafanya Windows isizime kweli kweli na patisheni yake (sehemu yake ya diski) inabaki kama imefungwa kwa Linux. Izime pia, fungua cmd kama admin uandike powercfg /h off.

Na kitu kingine watu hawakifikirii kabisa: monita. Kwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki, hasa ukitumia DisplayPort, monita inaweza kuchelewa kuamka, GRUB ikahesabu sekunde zake chache ikamaliza, we unakuja kuona picha mfumo umeshaanza kuwaka unadhani menyu haipo. Ongeza muda tu, nitakuonyesha hapo chini.

Turudi kwenye mpangilio. Ingia Linux kupitia menyu ya madabodi, fungua teminali uandike sudo efibootmgr, utaona kitu kama hiki:

BootCurrent: 0003
BootOrder: 0000,0003
Boot0000* Windows Boot Manager
Boot0003* ubuntu

Soma mstari wa BootOrder. Hapo 0000 imetangulia, yaani Windows ndio inaitwa kwanza, hata kama GRUB iko nzima haipewi nafasi. Geuza, ukitumia namba za kwako sio hizi zangu:

sudo efibootmgr -o 0003,0000

Ristati. Ikikubali umemaliza. Ikijirudisha yenyewe, ingia BIOS uangalie vizuri, kuna madabodi zenye orodha mbili, moja ya kupanga aina ya vifaa na nyingine imefichwa ndani imeandikwa UEFI Hard Disk Drive BBS Priorities, na kama Windows na Linux ziko kwenye diski moja, hiyo orodha ya ndani ndio inaamua. Na kama setingi zinasahaulika kila ukichomoa umeme na saa inarudi nyuma miaka, badilisha betri ya CR2032 iliyo kwenye madabodi. Lakini saa ikipishana masaa tu ukihama Linux kwenda Windows hio sio betri, Linux inatunza saa ya madabodi kwa UTC (saa ya kimataifa) na Windows kwa saa ya mahali ulipo.

Kuna wale ambao GRUB inatokea vizuri ila Windows haimo. Hii imeongezeka tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, ambapo kazi ya kutafuta mifumo mingine ilizimwa kwa usalama. Fungua faili /etc/default/grub kwa sudo, weka hivi:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false
GRUB_TIMEOUT=20
GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu

Hiyo 20 ndio dawa ya monita inayochelewa, na mstari wa mwisho unazuia menyu isijifiche. Sevu, alafu sudo update-grub kwa Ubuntu na Debian, Fedora ni sudo grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg. Soma inachokuandikia, lazima itaje Windows Boot Manager.

Isipotaja, nina wasiwasi mifumo yako iliwekwa kwa njia mbili tofauti, mmoja UEFI na mwingine BIOS ya zamani, na GRUB ya njia moja haiwezi kuamsha Windows ya njia nyingine. Hakiki kwenye Linux kwa ls /sys/firmware/efi, folda ikiwepo umewaka kwa UEFI. Kwenye Windows fungua msinfo32 usome BIOS Mode. Zikitofautiana usizime CSM (setingi ya madabodi inayoruhusu mifumo ya BIOS ya zamani kuwaka) kichwa kichwa, ule wa BIOS ya zamani hautawaka tena. Kama ni Windows ndio iko kizamani, Windows 10 kuanzia toleo la 1703 ina zana ya mbr2gpt inayogeuza diski bila kufuta, ila kopi mafaili yako pembeni kwanza, hapo sitanii, alafu ianze na mbr2gpt /validate /allowFullOS kabla hujaiambia /convert.