Somo: Kompyuta ya nyumbani inayojizima yenyewe, tuanzie wapi?

Mtu akilalamika kwamba kompyuta yake inajizima, jibu analopewa mara nyingi ni moja: ipigwe Windows upya. Jibu hilo limewapotezea watu picha za harusi na mahesabu ya duka, na kompyuta ikirudi nyumbani inaendelea kujizima vilevile, kwa sababu kosa halikuwa kwenye Windows. Katika somo hili tutaanza na umeme na joto, tutafuata RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na diski, na programu tutazifikia mwishoni. Nazungumzia kompyuta ya mezani yenye Windows 10 au 11. Ikiwa mashine bado inakaa hewani hata dakika kumi, basi dakika hizo zitumie kunakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Hatua ya kwanza: itazame inavyozimika

Chukua daftari, uandike saa, kazi uliyokuwa ukiifanya, na namna mashine ilivyozimika. Ikizimika ghafla kama vile mtu kachomoa waya, shuku umeme au joto. Ikileta skrini ya bluu, shuku RAM, draiva (programu inayoendesha kifaa fulani cha kompyuta) au diski. Ikiganda, picha ikabaki pale pale huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, anza na diski.

Kisha fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoorodhesha matukio ya kompyuta, uingie sehemu ya System, utafute tukio la Kernel-Power lenye namba 41. Wengi hudhani namba hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe, lakini inasema tu kwamba kompyuta iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Chenye faida kimo ndani ya maelezo yake, kwenye mstari wa BugcheckCode: ukikuta 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, na mara nyingi hapo umeme ndio wa kuchunguzwa kwanza, ukikuta namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu hata kama hukuiona.

Hatua ya pili: umeme

Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni na bila UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika), uitumie siku mbili. UPS yenye betri iliyochoka hukata umeme pale pale ilipotakiwa kuushika, na mwenye nyumba hulaumu kompyuta. Angalia pia kama tatizo linakuja jioni, wakati majirani wote wamewasha pasi na majiko, kwa sababu umeme unaopaswa kuwa volti 230 unaweza kushuka sana saa hizo.

Baada ya hapo ndipo tunaifikia pawa saplai, boksi la ndani linaloigawia kompyuta umeme. Njia ya uhakika ni kuazima nyingine iliyo nzima na kuifunga kwa muda. Ukiwa na mita, waya wa njano unatakiwa usome kati ya volti 11.4 na 12.6 mashine ikiwa kazini. Nakuomba sana usilifungue boksi la pawa saplai lenyewe, kwani kapasita zilizomo, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya tatu: joto na vumbi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipojifunzia. Kompyuta yetu ya nyumbani, Tanga, ilikuwa ikijizima kila siku kuanzia saa nane mchana, na fundi mmoja alikwisha kuipiga Windows mara mbili. Siku nilipofungua ubavu wake, feni ya prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, jambo lililonipoteza kwa muda. Nilipoing'oa feni ndipo nikaona chini yake utandu wa vumbi, mnene kama pamba ya mto, umeziba mapezi yote ya alumini, hata hewa isingeweza kupenya. Niliuvua wote kama kipande cha nguo. Pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipoza joto ilikuwa imekauka na kupasuka. Nilifuta, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele, na kujizima kukakoma.

Nawe fanya hivyo: zima, chomoa waya, gusa kasha la chuma la kompyuta ili umeme tuli uondoke mwilini, kisha puliza kwa blowa huku umeishika feni isizunguke. Ukiwasha, tazama nyuzi kwa programu ya HWiNFO. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100. Yako ikifika huko kwa kufungua kivinjari tu, kazi ya kupoza haijaisha.

Hatua ya nne: RAM na diski

Kama una RAM mbili, toa moja, tumia siku nzima, kisha badilisha. Safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Sisi wa pwani chumvi ya hewani hutuletea kutu mapema. Usiku iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi kutoka kwenye flashi. Kwa diski, CrystalDiskInfo itakuonyesha afya yake, na ikiandika Caution au Bad, acha matengenezo, nunua nyingine.

Yote yakiwa salama, ndipo ufungue Command Prompt kama msimamizi, uandike sfc /scannow (amri ya kukagua na kurekebisha mafaili ya Windows), usasishe draiva ya kadi ya picha, na Windows mpya iwe ya mwisho.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Yangu inazimika pale tu watoto wanapocheza gemu. Nikiandika barua inakaa kutwa nzima.

Jibu: Marahaba. Gemu huongeza joto na matumizi ya umeme kwa pamoja. Tazama nyuzi za prosesa na kadi ya picha wakati wanacheza. Zikiwa 70 tu na bado inazimika, badilisha pawa saplai.

Swali: Saa yangu inarudi nyuma kila nikiwasha. Ndiyo sababu inajizima?

Jibu: Hapana, dada. Hiyo ni betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ya volti 3, imekwisha. Ibadilishe, kisha uendelee kutafuta sababu nyingine.

Swali: Fundi amesema mazabodi imekufa. Nitamwamini vipi, kaka?

Jibu: Mwombe akuonyeshe kwamba amejaribu pawa saplai nyingine na RAM nyingine. Mwenyewe tazama kapasita zilizosimama kuzunguka prosesa: zilizovimba kichwani au kuvuja maji ya kahawia zinaunga mkono maneno yake.

Swali: MemTest86 imenionyesha makosa mawili tu usiku kucha. Naweza kuendelea kuitumia?

Jibu: Usiendelee. Hata kosa moja ni dalili ya RAM mbovu, nayo huweza kuharibu mafaili kimyakimya unapoyahifadhi. Ijaribu kwanza kwenye tundu jingine. Makosa yakiifuata huko, itoe leo hii.