Ryzen 5 5600: kaza RAM kwanza, prosesa itafuata

Anayekuja kuuliza habari za ovakloki, yaani kuikimbiza mashine kuliko kasi ya kiwandani, huwa na swali moja: nifikishe gigahetsi ngapi? Kwa Ryzen 5 5600, prosesa ya AMD iliyotoka mwaka 2022, jibu langu halipendezi. Kiwandani imepewa hadi 4.4 GHz, na ukiihangaikia utaifikisha kama 4.6. Hiyo ni nyongeza isiyofika asilimia 6. Magemu yanayoibana prosesa hunufaika zaidi na RAM inayojibu haraka, na vijiti vingi vya RAM huuzwa taimingi zake, yaani muda wa kusubiri kati ya hatua moja na nyingine, zikiwa zimelegezwa ili vikubalike kwenye kila ubao mama.

Mfano wangu ni ubao mama wenye chipseti (chipu inayosimamia ubao) ya B550, na vijiti viwili vya DDR4, GB 8 kila kimoja, vilivyoandikwa kasi 3600 na taimingi 18-22-22-42. Mwenye A520 afuate sehemu ya RAM tu, kwa sababu AMD hawakuiruhusu chipseti hiyo kuovakloki prosesa.

Hatua ya 1: Jua ulipo

Hifadhi mafaili yako nje ya mashine. Kama BIOS, programu ya ubao inayowasha mashine, ni ya zamani, isasishe sasa, na UPS iwepo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza kufa. Kisha fungua ZenTimings usome taimingi zilizopo, HWiNFO64 kwa joto, na Cinebench R23 upate alama za kuanzia. Hakikisha vijiti viko nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Vikikaa jirani, kwenye mbao nyingi vitatumia chaneli moja, na hakuna taimingi itakayofidia hasara hiyo.

Hatua ya 2: Washa XMP

XMP ni mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi na taimingi zilizoandikwa kwenye kijiti. Kwenye baadhi ya mbao huitwa DOCP. Bila hiyo, kijiti cha 3600 hukimbia 2666 au chini zaidi, na mwenye nacho hajui. Namba 3600 ni uhamishaji wa data, milioni kwa sekunde. Saa yenyewe ni MHz 1800. Kwa hiyo FCLK, saa ya njia inayounganisha vipande vya ndani ya prosesa, nayo iweke 1800 ili viende sambamba. Ukipandisha RAM hadi 4000 huku FCLK imebaki nyuma, mashine itachelewa kujibu kuliko ilivyokuwa.

Wapo wanaofikisha FCLK 1900. Jaribu ukipenda, ila chungulia Event Viewer, daftari la matukio la Windows: ukiona WHEA-Logger tukio namba 19, mashine inasahihisha makosa kimyakimya na kasi inashuka. Rudi 1800.

Hatua ya 3: Kaza taimingi

Prosesa ibaki ya kiwandani hadi RAM imalizike. Ukivigusa vyote viwili kwa pamoja, kosa likitokea hutajua umshike nani.

Weka volti za RAM 1.40 na za SOC, sehemu ya prosesa inayohudumia RAM, 1.10. Anza na tCL, ya kwanza kati ya zile namba nne: 18 iende 16. Hesabu ya kuchelewa ni tCL mara 2000, gawanya kwa 3600. Kwa 18 unapata nanosekunde 10, kwa 16 unapata 8.9. Gear Down Mode ikiwa imewashwa, tCL ya namba witiri hupandishwa hadi shufwa inayofuata, basi usipoteze muda na 15. Halafu tRCDRD na tRP, zile za 22, zishushe moja moja. Chipu za Micron Rev. E ni kaidi kwenye tRCDRD, hata uziongezee volti. Zikikataa, ziache hapo.

Utamu uko kwenye namba ambazo wengi hawazifikii. Weka tRRDS 4, tRRDL 6 na tFAW 16. Kisha ije tRFC, muda ambao RAM husimama kujiburudisha bila kuhudumia mtu. XMP kwa chipu za gigabiti 8 huiacha kwenye nanosekunde 350, yaani mizunguko 630 kwa saa ya 1800. Micron Rev. E huweza kushuka hadi nanosekunde kama 300, sawa na mizunguko 540. Hynix CJR hufika karibu mizunguko 480, na Samsung B-die hushuka hadi 288. Hujui una chipu gani? Punguza 20 kila mara, pima, endelea.

Mashine ikigoma kuwaka, usikurupuke. Ubao hujaribu mara kadhaa wenyewe. Ikishindikana, chomoa umeme, gusanisha pini za CLR_CMOS kwa bisibisi au toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, ili BIOS irudi ya kiwandani.

Hatua ya 4: Pima bila huruma

Kwanza MemTest86 kutoka kwenye flashi, kabla Windows haijawaka, maana RAM mbovu huweza kuharibu mafaili ya Windows yenyewe. Ikipita, tumia TestMem5 na mpangilio wa anta777. Kosa moja tu linatosha kukataa. Pima kesi ikiwa imefungwa, tena mchana. Chumba cha Dar au Mombasa saa nane mchana si kile cha alfajiri, na B-die hasa huanza makosa ikikaribia nyuzi 50.

Hatua ya 5: Sasa prosesa

Usifunge viini vyote kwenye masafa mamoja. Ingia Precision Boost Overdrive, mpangilio wa BIOS unaoiachia prosesa ijipandishe zaidi, chagua Advanced, ongeza MHz 200, kisha kwenye Curve Optimizer weka hasi 15 kwa viini vyote. Kila moja ya hizo 15 hupunguza volti kwa takriban milivolti 3 hadi 5, joto linashuka, na prosesa inajipandisha yenyewe. Kikomo cha PPT, umeme ambao prosesa inaruhusiwa kuvuta, kiwandani ni wati 76. Kama unatumia feni iliyokuja na boksi, kiache hapo hapo.

Cinebench kupita si ushahidi. Curve iliyozidi huangusha mashine ikiwa imepumzika, au kiini kimoja kikiwa peke yake kwenye masafa ya juu. Tumia CoreCycler, inayopima kiini baada ya kiini, uiache usiku kucha. Kiini kitakachofeli kirudishe hasi 10, vingine viache.

Hifadhi profaili ndani ya BIOS, na kila ukurasa upige picha kwa simu. Ukisasisha BIOS baadaye, profaili hizo mara nyingi hufutika.