Kuomba leseni ya rubani wa biashara Uganda: kazi iko kwenye logibuku

Nimekesha siku mbili na mpwa wangu tukipanga makaratasi yake ya CPL, yaani leseni ya rubani wa biashara. Naandika ili mwingine asinikeshe tena.

1. Anza kwa daktari anayetambuliwa na UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda, upimwe afya ya daraja la kwanza. Iwe unakwenda kusomea urubani Soroti au Kajjansi, usilipe ada hata shilingi kabla ya cheti hicho. Macho yakikukatalia, heri ujue hela ingali mfukoni.

2. Soma, ruka, faulu. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: umri miaka 18, Kiingereza cha redio kiwango cha 4, saa 200 angani, au 150 kama kozi imeidhinishwa.

3. Logibuku, yaani kitabu cha kuandikia saa zako za kuruka. Hapa ndipo usingizi ulipoishia.

Saa zinaandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma ya Entebbe kwa saa tatu. Mpwa wangu alipaa saa tatu asubuhi, akaandika 03:00. Saa tatu yetu ni 09:00 za Entebbe, basi UTC ni 06:00. Kurasa nne nzima, kwa karatasi, kijana anapaa gizani kabla ya mapambazuko, na safu ya saa za usiku haina kitu!

Muda wa saa moja na nusu angani ni 1.5, si 1.3. Dakika 6 ndizo 0.1. Jumlisha upya kila ukurasa, kwa kikokotoo.

Saa za rubani kiongozi, yaani zile unazoongoza ndege mwenyewe (70 kwenye kozi iliyoidhinishwa), usizichanganye na za kufundishwa. Mwalimu akikaa kukufundisha, hizo ni za kufundishwa, hata kama hakugusa usukani.

Safari ndefu ya kilomita 540 inataka utue na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Soroti–Entebbe na kurudi haifiki hata 500. Pitia Gulu wakati wa kurudi, inatosha na kubaki.

Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi juu yake, tia saini. Ule wino mweupe wa kufutia utupe kabisa. Programu za simu sizipendi. Mimi ni karatasi na kalamu nyeusi, kila jioni, kabla ya chai.

4. Piga nakala ya kila ukurasa, jaza fomu, lipa, peleka UCAA.