Kuiandaa bodaboda ili abiria akae kwa raha

Kabla hujampa fundi hela yoyote, mwachie mwenzako wa kijiweni usukani, wewe panda nyuma, mkatize kwenye matuta na barabara ya vumbi. Ukishuka utajua pikipiki yako inaumiza wapi: makalio, magoti au mgongo. Wengi hukimbilia siti. Mimi naanza na miguu.

1. Vikanyagio. Abiria asiyekanyaga vizuri hujibana kwa mapaja muda wote, ndiyo maana akifika anajinyoosha. Raba isizunguke, pini isicheze, na vikanyagio vyote viwili vilale usawa mmoja. Raba ikiisha nunua nyingine. Vipande vya tyubu vilivyofungwa kwa waya huteleza mvua ikinyesha. Hapo hapo kagua bomba la moshi. Kwenye pikipiki aina ya Boxer liko kulia, na bati lake la kukinga joto lisikosekane. Mzoeshe abiria kupandia kushoto: ndiko uliko ukingo wa barabara, na shavu la mguu halitagusa bomba.

2. Siti. Fundi atakuuliza, "Nikuongezee sponji?" Usikimbilie kukubali. Sponji laini ni tamu ukiibonyeza kwa mkono, lakini mtu mzima akikaa, nusu saa tu anahisi bati la chini. Mwambie aweke sponji ngumu chini, laini nyembamba juu.

Tatizo kubwa zaidi ni mteremko. Siti ikiinamia kwenye tangi, kila ukifunga breki abiria anakujia mgongoni, na wewe unaishia kukalia tangi. Fundi anyanyue kidogo sehemu ya mbele ya nafasi ya abiria, ibaki bapa, na kati yenu pawe na kituta kifupi. Asipandishe siti nzima. Mwenye miguu mifupi atapata shida kupanda, na pikipiki itayumba kwenye kona. Kava liwe la kitambaa chenye mkwaruzo, si lile linalong'aa, na mshono usipite pale anapokaa. Maji huingia kwenye matundu ya sindano, sponji inayanywa, na kesho yake asubuhi mteja anashuka ofisini suruali imelowa huku jua linawaka.

3. Keria. Abiria wengi hushika hapa. Vidole vinne viingie kati ya chuma na siti bila kubanwa, na ncha zote za kuchomelea zipigwe msasa.

4. Shokapu. Nyingi zina ngazi za kukaza springi. Tumia spana ya ndoano, panda ngazi moja au mbili, pande zote mbili sawa. Inayovuja oili haina dawa ya kukaza; badilisha zote mbili.

5. Upepo na cheni. Tairi la nyuma linahitaji upepo zaidi ukibeba mtu. Pikipiki nyingi za bodaboda huwa karibu PSI 28 ukiwa peke yako na PSI 32 ukiwa na abiria, ila fuata kitabu cha pikipiki yako. Cheni nayo hukaza abiria akikaa, kwa hiyo mkalishe mtu nyuma, kisha ibonyeze kwa kidole. Ikiwa haichezi kabisa, ilegeze.

6. Kinga ya nguo. Vijana huing'oa wavu wa pembeni ya gurudumu ili pikipiki ionekane ya mashindano. Irudishe. Kanga, dera au buibui likinaswa na spoku, mtu anavutwa chini papo hapo. Kava la cheni nalo lisiondolewe.

7. Taa na kofia. Uzito wa nyuma hunyanyua mwanga, ukawapiga machoni wanaokuja. Rekebisha taa usiku, mtu akiwa amekaa. Kofia ya abiria iwe na mkanda unaofunga kweli, na bitana lake lifuliwe. Harufu ya jasho la wateja wa wiki nzima ndiyo inayowafanya waishike mkononi.

Vipimo hivi vyote ni vya abiria mmoja. Mishkaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, haina shokapu wala siti itakayoifaa.

Baada ya siku chache za kazi rudi na spana, kaza upya bolti za keria na vikanyagio. Mtikisiko huzilegeza, hasa zikiwa mpya.