Namna ya kubaki shabiki wa timu ya chuo Marekani zama hizi za wachezaji kulipwa

Shabiki wa timu ya chuo anayesema pesa imeharibu mchezo huwa ana malalamiko mawili ndani ya furushi moja. Wachezaji wanahama kila mwaka hadi yeye hajui tena ni nani wanaovaa jezi ya timu yake, na yeye anatozwa zaidi ili awaone. Yatenganishe, maana kila moja lina dawa yake. Malipo yenyewe yamekuja kukaa.

Mwezi Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Alston, iliyohusu mipaka ya manufaa wanayopewa wachezaji, kwa kura 9 kwa 0 dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Julai 1 mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kuingiza kipato kwa kutumia majina na sura zao kwenye matangazo. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House (jina la mchezaji aliyeshtaki), na kuanzia Julai 1, 2025 chuo kinaweza kumlipa mchezaji moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo. Kabla ya kuwakasirikia vijana, kumbuka kwamba Novemba 2023 Texas A&M ilimfukuza kocha Jimbo Fisher ikiwa inadaiwa zaidi ya dola milioni 75 za mkataba wake. Pesa ilikuwepo siku zote. Ilikuwa inawapita tu waliokuwa wakivunjika magoti uwanjani.

Tuanze na kikosi, kwa sababu hapo ndipo hamu inapofia. Kwa futiboli ya Marekani, dirisha la kuhama la mwaka 2026 lilikuwa Januari 2 hadi 16. Kikapu huchafuka baada ya mashindano ya Machi. Katika wiki hizo tetesi ni nyingi kuliko ukweli, kwani mchezaji anaweza kujiandikisha kuhama ili tu chuo chake kimwongezee dau, kisha akabaki. Anayefuatilia kila tetesi huchoka kabla mpira haujapigwa. Subiri dirisha lifungwe.

Agosti ikifika, fungua ukurasa rasmi wa kikosi kwenye tovuti ya chuo, chukua karatasi na uchore safu tano: jina, nafasi, mwaka wa masomo, chuo alichotoka, misimu aliyocheza hapa. Kikosi cha futiboli sasa kina ukomo wa watu 105, usijaribu kuwaandika wote. Andika 22 wanaoanza, 11 wa kushambulia na 11 wa kulinda, kisha ongeza kama 10 wa akiba. Kikapu waandike wote, hawazidi 15. Wawekee alama waliofikisha misimu miwili au zaidi. Hao ndio wa kuwafuatilia kwa karibu, hasa wale wa mstari wa mbele wa kushambulia, ambao kamera haiwaangalii. Chagua mmoja wao umtazame kwa mchezo mzima: anaweka wapi miguu kabla mpira haujatoka, anamzuia nani, anachoka lini. Mechi moja ya namna hiyo inafunga uhusiano kuliko mahojiano kumi.

Kosa la kawaida ni kununua jezi yenye jina la nyota aliyefika juzi. Nico Iamaleava, kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) aliyeifikisha Tennessee kwenye mchujo wa ubingwa wa msimu wa 2024, aliachana na timu hiyo Aprili 2025 katika mvutano wa malipo na akaenda UCLA. Nunua jezi isiyo na jina, au ya mchezaji aliyekwishastaafu. Kosa la pili ni kumdharau mgeni kwa kuwa ni mgeni. Fernando Mendoza alitokea chuo cha California, akacheza msimu mmoja Indiana, akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, na kukipa ubingwa wa taifa chuo ambacho kwa miaka mingi kilizoea kufungwa. Hakuna shabiki wa Indiana aliyekosa raha kwa sababu kijana huyo alihamia.

Sasa mfuko wako. Tennessee iliongeza ada ya vipaji ya asilimia 10 kwenye tiketi za msimu za 2025, na ilisema wazi kwamba ni kwa ajili ya kuwalipa wachezaji. Kabla ya kulipia tena tiketi ya msimu, omba mchanganuo: bei ya tiketi, mchango wa kiti (unaotolewa ili upate haki ya kununua kiti hicho), ada ya ziada, maegesho. Jumlisha, kisha ugawe kwa mechi unazohudhuria kweli, si zilizo kwenye ratiba. Ukilipa dola 1,400 kwa mechi saba na ukaenda nne, kila moja imekugharimu 350. Linganisha na bei ya tiketi zinazouzwa upya. Dhidi ya timu dhaifu bei hushuka kadiri siku inavyokaribia, lakini usisubiri namna hiyo kwa mechi ya watani wa jadi.

Zamani asilimia 80 ya mchango wa kiti iliondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi. Tangu 2018 haiondolewi hata senti, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni sadaka. Vikundi vya wafadhili wanaowalipa wachezaji viangalie vivyo hivyo: mwaka 2023 mamlaka ya kodi, IRS, ilieleza kwamba vingi havistahili msamaha wa kodi. Na kama unachangia kila mwezi, soma masharti ya kujitoa kwanza, maana makato huendelea yenyewe.

Kama bado moyo haurudi, badili mchezo kabla hujaacha chuo. Katika kuwalipa wachezaji, mgawo unaotumiwa na vyuo vingi vikubwa ni karibu asilimia 75 kwa futiboli, 15 kwa kikapu cha wanaume, 5 kwa kikapu cha wanawake, na 5 kwa michezo mingine yote pamoja. Kwa hiyo kwenye mpira wa wavu, kuogelea na riadha pesa ni ndogo na tiketi ni rahisi. Vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vinane vya kale kama Harvard na Yale, vilikataa kabisa mfumo wa kugawana mapato, na havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Divisheni ya Tatu, ngazi ya chini ya michezo ya vyuo, nayo haitoi ufadhili huo.

Mbio za nyika ndizo tunazokusisitizia, maana unasimama mita mbili tu kutoka kwa wakimbiaji, na Wakenya wamezitawala kwa miaka: Edward Cheserek akiwa Oregon, na karibuni Doris Lemngole wa Alabama. Ila ukitaka kumsaidia mwanafunzi kutoka nyumbani, usikimbilie kumlipa atangaze duka lako. Viza ya F-1, ya mwanafunzi, inabana kazi anazoruhusiwa kufanya, na picha moja ya tangazo inaweza kumletea matatizo ya uhamiaji. Aanze kwenye ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake, kabla ya kusaini na kabla ya kupigwa picha. Ikimruhusu na mkataba ukawa wa dola 600 au zaidi, lazima auwasilishe ukaguliwe kwenye NIL Go, mfumo wa kukagua mikataba ya matangazo ya wachezaji.